Somo: Kupima utofauti wa miforosadi kwa alama za vinasaba

Mforosadi huzalishwa kwa kukata tawi na kulichomeka ardhini, kwa hivyo mti wa Kisauni waweza kuwa na pacha wake Likoni na mwingine Mtwapa, kila mmoja na jina lake. Usipowatambua pacha, utahesabu mti mmoja mara tatu. Alama zinazofaa hapa ni maikrosatelaiti (SSR), yaani vipande vifupi vya DNA vinavyojirudia, kwani huonyesha aleli (matoleo ya kipande kimoja) zote mbili za mti.

Hatua ya 1. Chuma majani machanga ya nchani, uyatie kwenye bahasha ya karatasi, kisha mkebeni pamoja na silika jeli (chembe za kufyonza unyevu) yenye uzito mara kumi ya majani. Kwa unyevu wa Mombasa, badilisha silika mara inapogeuka rangi. Jani likikawia kukauka huwa jeusi na DNA yake hukatikakatika.

Hatua ya 2, ambayo ndiyo kazi yenyewe. Saga miligramu 20 za jani kavu liwe unga laini. Tia mikrolita 700 za bafa (mchanganyiko wa kutolea DNA): CTAB, sabuni ya kupasua seli, 2%, NaCl 1.4 M, EDTA 20 mM, Tris 100 mM ya pH 8, PVP 2%. Beta-merkaptoethanoli 0.2% itie wakati wa kutumia tu. Weka nyuzi 65 kwa dakika 45. Ongeza klorofomu na isoamili (24:1) kiasi sawa, zungusha kwenye sentrifuji, chukua maji ya juu. Yakivutika kama ute wa bamia, rudia klorofomu. Kisha nusu ujazo wa NaCl 5 M, na ethanoli baridi mara mbili ya jumla. Chumvi hiyo huzuia ute usishuke pamoja na DNA. Na AC isipulize kwa nguvu: CTAB huganda kwenye baridi, ukaona fuwele nyeupe ukadhani ni DNA, ukashangilia bure.

Hatua ya 3. Kusanya DNA iliyoshuka, iyeyushe, kisha izimue hadi nanogramu 10 kwa mikrolita. PCR (kunakili kipande cha DNA mara nyingi kwa mashine): nyuzi 94 dakika 4, mizunguko 35 ya 94 (sekunde 30), 55 (30), 72 (45), mwisho 72 dakika 10. PCR ikigoma, zimua zaidi kabla ya kuongeza DNA. Mara nyingi kinachoizuia ni uchafu.

Hatua ya 4. Sasa tenganisha vipande kwa ukubwa; kwenye jeli kila kimoja huonekana kama mkanda. Jeli ya agarosi 3% haitenganishi vipande vinavyopishana besi (herufi za DNA) mbili. Tumia jeli ya poliakrilamaidi 6% au mashine ya kapilari. Ondoa pacha kwanza, ndipo upige hesabu ya heterozigosi, yaani miti yenye aleli mbili tofauti.

MASWALI

Mwanaisha, Likoni: Mwalimu, mti mmoja watoa mikanda mitatu. Nimechafua sampuli?

Jibu: Si lazima, dada. Mforosadi mweupe kwa kawaida una kromosomu 28, lakini wako wenye 42, nao hubeba hadi aleli tatu. Toa DNA upya kutoka jani jingine. Mitatu ikirudi kwenye alama kadhaa, mti ni triploidi (una seti tatu za kromosomu): andika kila mkanda upo au haupo tu, na mti huo uutoe kwenye hesabu za Hardy-Weinberg, zinazodhani kila mti una aleli mbili. Ikiwa ni alama moja tu, na kwa miti yote, praima (kipande kifupi cha kuanzishia PCR) imeshika mahali pawili, itupe.

Salim, Changamwe: RAPD, alama zile za praima za kubahatisha, si rahisi zaidi?

Jibu: Rahisi, naam. Ila badilisha mashine au Taq (kimeng'enya cha PCR), na mikanda yabadilika. Pacha hutawajua.