Kidonge kwanza, sahani baadaye: kupunguza uzito ukiwa na tiroidi iliyolegea

Ninatoa ushauri wa lishe hapa Bukavu. Wengi wanaokuja kwangu kwa ajili ya tiroidi, yaani tezi ya thairoidi iliyo mbele ya koo, huwa wameshajinyima bugali miezi miwili na mizani haijasogea. Ninawaambia waiache sahani kwanza. Tunaanza na saa kumi na mbili asubuhi.

Mwongozo huu ni wa mtu ambaye daktari amethibitisha kwamba tezi yake inafanya kazi kivivu, akamwandikia levothiroksini, yaani vidonge vya homoni ya tezi. Kama moyo unakwenda mbio, mikono inatetemeka na unakonda ilhali unakula vizuri, wewe uko upande mwingine kabisa: rudi kwa daktari.

Hatua ya 1: Soma karatasi ya maabara

Tafuta herufi TSH. Watu wakiona imeandikwa kwamba iko juu, hudhani tezi inafanya kazi kupita kiasi. Ni kinyume chake. TSH hutoka kwenye tezi ndogo iliyo chini ya ubongo, na kazi yake ni kuiamsha thairoidi. Mtoto asipoitika, mama hupaza sauti. Thairoidi ikilegea, TSH hupanda.

Kisha hesabu kilo ulizoongeza. Tezi iliyolegea kwa kawaida huleta kilo 2 hadi 5 hivi, na sehemu kubwa ni maji na chumvi vilivyokwama mwilini. Aliyeongeza 20 asiitwishe tezi mzigo wote. Najua neno hili halipokelewi vizuri, lakini afadhali ulisikie mapema.

Hatua ya 2: Rekebisha namna unavyomeza kidonge

Hapa ndipo ninapotumia muda mwingi kuliko kwingine. Mama mmoja wa Kadutu alikuwa na dawa sahihi, hakosi hata siku moja, na TSH yake imekataa kushuka. Nikamuuliza, "Mama, kidonge unakimeza na nini?" Akasema, "Na uji wa sosoma, muganga. Tumbo likiwa tupu naona kama kitanikwaruza." Sosoma ni mtama, soya na mahindi, na soya ni mojawapo ya vitu vinavyozuia dawa hii kuingia damuni. Alikuwa anaimeza na kuifungia mlango papo hapo.

Fanya hivi. Glasi ya maji na kidonge vilale karibu na kitanda. Ukiamka, meza kwa maji matupu. Subiri dakika 30, au bora 60, ndipo unywe chai ya maziwa, kahawa au uji. Kahawa yetu ya Kivu ni nzuri, lakini nayo huipunguza nguvu dawa ikinywewa papo kwa papo. Vidonge vya chuma, vya kalisi na dawa za kiungulia vikae mbali kwa saa 4. Kama asubuhi yako ni ya kukimbizana na watoto wa shule, mwombe daktari umeze usiku, angalau saa 3 baada ya chakula cha jioni. Chagua saa moja ubaki nayo.

Usiweke dawa kwenye rafu iliyo juu ya mbabula, jiko la makaa. Joto na mvuke huiharibu. Na tafadhali usiongeze kidonge cha pili ili ukonde haraka. Dozi iliyozidi huchosha moyo na kudhoofisha mifupa. Ukipata mimba, usiache dawa: mwone daktari mapema, kwa sababu mara nyingi dozi hupandishwa.

Hatua ya 3: Subiri wiki 6 hadi 8, kisha pima tena

Dawa hii inakwenda polepole, kwa hiyo kupima baada ya siku kumi ni kutupa pesa. TSH ikitulia, maji yale hutoka, uso hupungua uvimbe, na sketi inaanza kulegea kiunoni.

Hatua ya 4: Sasa tuje kwenye sahani

Nusu iwe mboga: lengalenga, sombe (majani ya muhogo), kabichi iliyopikwa. Umesikia kwamba kabichi ni sumu kwa tiroidi? Ikipikwa, kwa kiasi cha kawaida, unaweza kuila bila wasiwasi. Robo iwe maharagwe au sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, na robo iliyobaki ndiyo ya bugali, tonge la ukubwa wa ngumi yako, si ngumi ya mume wako.

Muhogo unahitaji neno la pekee. Watafiti wa Kibelgiji walichunguza rovu, yaani uvimbe wa tezi shingoni, kisiwani Idjwi, hapo ziwani kwetu, tangu miaka ya 1960. Katika kuleta rovu, muhogo na upungufu wa iodini, madini ambayo tezi huyahitaji, ni mambo yanayokwenda pamoja. Muhogo mchungu usiolowekwa vya kutosha huacha sumu ambayo mwili huigeuza kitu kinachoizuia tezi kupata iodini. Basi uloweke siku 3 au 4, ukauke vizuri, ndipo usagwe. Sombe ichemke muda mrefu bila kifuniko. Tumia chumvi yenye iodini, uifunge kwenye kopo. Lakini usijinunulie matone ya iodini: ikizidi nayo huisumbua tezi.

Kinachonenepesha zaidi jikoni kwetu ni mafuta. Kijiko kikubwa kimoja cha mawese kina kalori 120 hivi, na sombe ya sherehe hukusanya vijiko sita bila mtu kuona. Sambaza ya mchuzi inashinda ya kukaanga.

Hatua ya 5: Vilima na mizani

Mji umeshatupa mazoezi bure. Anza na njia ya tambarare, dakika 10, kisha panda mlima siku misuli ikiacha kuuma. Lenga dakika 150 kwa wiki. Jipime mara moja kwa wiki, asubuhi ileile, mizani ileile. Nusu kilo kwa wiki inatosha kabisa. Funga pia uzi wa kushonea kiunoni na uweke fundo. Mama wa Kadutu aliona fundo lake likisogea wiki mbili kabla mizani haijasema kitu.

Na pakiti ikibaki na vidonge vya wiki mbili, nenda famasi siku hiyohiyo.