SOMO: Kuomba mkopo wa HESLB, Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu Tanzania, bila kukwama (soma kabla hujanifuata PM)

Kila dirisha la maombi likifunguliwa naulizwa yaleyale. Naandika mara moja, mengine mtajisomea.

1. Pakua mwongozo wa mwaka huu kwenye tovuti ya Bodi. Wa mwaka jana achana nao.

2. Fungua akaunti OLAMS (mfumo wa Bodi wa kuombea mkopo mtandaoni) kwa namba ya mtihani ya kidato cha nne. Uliyerisiti, tumia ileile utakayoombea chuo.

3. Lipa ada ya maombi, shilingi 30,000.

4. Cheti cha kuzaliwa. Hapa ndipo vilio vilipo. Nakala ya cheti haitoshi, lazima kihakikiwe na RITA, wakala wa serikali wa usajili wa vizazi na vifo (Zanzibar ni ZCSRA). Cheti cha kifo cha mzazi nacho hivyohivyo. Anza mapema, wiki ya mwisho mtandao unaelemewa. Halafu kagua majina herufi kwa herufi. Binamu yangu cheti kilisema "Ally", matokeo ya kidato cha nne yakasema "Ali", akazungushwa mpaka dirisha likakaribia kufungwa. Ukikuta hivyo nenda ofisi ya RITA wilayani, wakueleze kama jina litarekebishwa au unahitaji hati ya kiapo. USIMPE kijana wa steshenari "akurekebishie" kwenye kompyuta. Huko ni kughushi.

5. Chapa fomu, zikusanye saini zote: yako, ya mdhamini, ya serikali ya mtaa, ya hakimu au wakili. Skani, pandisha, kisha bonyeza kutuma. Wapo wanaopandisha kila kitu wakasahau kutuma.

MASWALI

Mpambanaji_Tz: Mkuu, nipe namba ya mtu wa ndani.
— Sina. Rudi namba 1.

Kidume: Hiyo si hela ya serikali? Nani atanitafuta?
— Mwajiri wako. Tangu mabadiliko ya sheria ya 2016 makato ni 15% ya mshahara wa msingi, zamani yalikuwa 8%. Mshahara wa 800,000, zinaondoka 120,000 kila mwezi kabla hujazigusa.

Binti_Kigoma: Shikamoo kaka. Mjomba anasema deni lake lilikuwa linavimba kila mwaka. Bado iko hivyo? Na nisipoajiriwa?
— Marahaba mdogo wangu, swali zuri hili. Mjomba anasema kweli, kulikuwa na tozo ya 6% kwa mwaka ya kulinda thamani ya mkopo. Iliondolewa 2021. Ukijiajiri bado unadaiwa, kwa hiyo ukianza kuingiza chochote nenda Bodi mwenyewe mpangiwe marejesho. Na mkopo mara nyingi hautoki 100%. Kaeni na mjomba sasa mhesabu ada itakayobaki, ya miaka yote, msiishie mwaka wa kwanza.

Mzee_wa_Hosteli: Boom (hela ya chakula na malazi) je? Mwanangu anamaliza yote kwa wiki mbili.
— Kwa 10,000 kwa siku, boom la siku 60 ni 600,000. Likiingia alipe chumba siku hiyohiyo, anunue mchele na maharage ya mwezi. Simu mpya isubiri.

Kidume: Kwa hiyo mpaka simu mnatupangia?
— Nunua. Utailipa kwa 15%.