Hamisha domeni yako ikiwa bado hai

Ukitaka kuhama kutoka kwa msajili mmoja wa majina ya intaneti, yaani kampuni inayokusajilia jina, kwenda kwa mwingine, anza miezi mitatu kabla domeni, yaani jina lenyewe la tovuti yako, haijaisha muda. Namwambia hivyo kila anayenikabidhi tovuti yake niitunze. Domeni nyingi nilizoona zikipotea katika safari hii zilipotea kwa namna moja: mwenyewe ameshaamua kuondoka, anaona hana sababu ya kumlipa msajili wa zamani hata senti, anasubiri wiki ya mwisho, kisha uhamisho unakwama na tarehe inapita.

Unakwama kwa nini? Mara nyingi ni kufuli la siku 60. Kwa domeni kama .com, .net na .org, kanuni za ICANN, shirika linaloratibu majina ya intaneti duniani, zinamruhusu msajili kukataa kuihamisha domeni iliyosajiliwa chini ya siku 60 zilizopita, au iliyotoka kuhamishwa karibuni. Hayo watu huyaelewa haraka. Kinachowanasa ni kubadilisha jina au barua pepe ya mmiliki, kwa sababu hata hilo huweza kuifunga domeni kwa siku 60. Mtu anataka kuweka taarifa zake sawa kabla ya kuhama, anarekebisha barua pepe, kumbe amejifungia mlango. Baadhi ya wasajili hukupa nafasi ya kulikataa kufuli hilo, lakini lazima ulikatae kabla ya kubadilisha chochote. Ukishabadilisha, utangoja.

Kwa hiyo kitu cha kwanza kukagua ni barua pepe ya mmiliki, na hapa naomba usiwe na haraka. Ingia kwenye akaunti ya msajili wako wa sasa, usome jina na anwani iliyoandikwa humo. Je, ni yako? Kwaya moja niliyoisaidia ilikuwa imelipia domeni yake miaka yote, lakini jina la mmiliki lilikuwa la kijana aliyewatengenezea tovuti, na sanduku lake la barua lilikuwa limeshafungwa. Kwa msajili, mmiliki ni yule aliyeandikwa. Risiti zenu peke yake haziwapi domeni. Tulimtafuta, tukampata, akakubali kuiandikisha kwa jina la kwaya. Kisha tukasubiri kufuli liishe. Kama tarehe ya mwisho ingekuwa karibu, sijui tungefanyaje.

Pia barua pepe hiyo isiwe ya domeni ileile. Domeni ikizimika, sanduku nalo linazimika, na ujumbe wa kukuokoa unatumwa mahali ambapo huwezi kuufungua.

Ikiwa muda uliobaki ni mfupi, lipa mwaka mmoja zaidi kwa msajili wa zamani, ndipo uhame. Najua inauma kumlipa mtu unayemwacha, lakini fedha hiyo haipotei: uhamisho wa .com huongeza mwaka juu ya muda uliobaki, mradi jumla isizidi miaka 10. Lipa kabla ya tarehe ya mwisho. Ukilipa domeni ikiwa imeshaisha muda, halafu ukaihamisha ndani ya siku 45 tangu tarehe hiyo, mwaka uliolipia unaweza kufutika.

Na ikiisha bila kulipiwa? Kwa .com, msajili anaweza kuishikilia hadi siku 45, lakini halazimiki kusubiri zote, na wengine huiweka mnadani mapema. Akishaifuta, inaingia katika siku 30 za ukombozi: msajili yuleyule tu ndiye anaweza kuirudisha, kwa ada ya ziada, na kuihamisha hakuwezekani. Kisha siku 5 za kungoja kufutwa kabisa, na baada ya hapo ni ya atakayewahi. Kuna watu ambao kazi yao ni kuwahi. Domeni za nchi zina taratibu zao, soma za kwako.

Kabla ya kuomba uhamisho, hakikisha rekodi za DNS, yaani maelekezo yanayoonyesha tovuti na barua zako ziko kwenye seva gani, zinatunzwa wapi. Watu wengi wanatumia seva za majina, yaani zile zinazotunza rekodi hizo, za msajili wa zamani bila kujua. Domeni ikishaondoka, msajili huyo ana hiari ya kuzizima, na siku hiyo tovuti na barua pepe vinanyamaza pamoja. Nakili kila rekodi: za tovuti, MX za barua, na zile TXT ndefu ambazo hakuna anayekumbuka ziliwekwa lini. Ziweke kwenye seva mpya, elekeza domeni huko, tazama siku mbili kama barua zinaingia na kutoka. Kama DNSSEC, muhuri wa kuthibitisha kwamba rekodi hizo ni halisi, imewashwa, ondoa kwa msajili rekodi ya DS inayouunganisha muhuri huo na domeni, na usubiri siku moja au mbili kabla ya kubadilisha seva.

Uhamisho wenyewe ni mwepesi. Unafungua kufuli la kawaida la kuzuia uhamisho kwenye akaunti yako, si lile la siku 60, unaomba msimbo wa uhamisho, ambao msajili anatakiwa kukupa ndani ya siku 5, na unauingiza kwa msajili mpya. Usiutume kwenye kundi la WhatsApp. Mwenye msimbo huo na domeni isiyo na kufuli anaweza kuondoka nayo.

Msajili wa zamani atakutumia taarifa kwamba domeni inahama. Usipojibu, kimya chako kinahesabiwa kuwa ridhaa, na baada ya siku 5 inakwenda. Ukipata taarifa hiyo na hukuomba kuhama, ipinge saa hiyohiyo. Mwaka 2005 domeni ya panix.com, kampuni ya intaneti ya New York, ilihamishwa bila idhini ya wenyewe, na barua za wateja wake zikapotea njia. Mwaka 2021 perl.com nayo ikatekwa. Wote walirudishiwa, lakini ni watu wanaojulikana, wenye wa kuwasemea. Wewe washa uthibitisho wa hatua mbili kwenye akaunti ya msajili na kwenye barua pepe yako.

Domeni ikifika, msajili mpya anaweza kukutumia kiungo cha kuthibitisha barua pepe. Kibonyeze, ukihakikisha kwanza kimetoka kwake kweli, maana usipothibitisha ndani ya siku 15 domeni inaweza kusimamishwa. Rudisha kufuli, washa malipo ya kujirudia, na uangalie kama mwaka umeongezeka. Akaunti ya zamani usiifunge mpaka umeyaona yote hayo kwa macho yako na kuhifadhi risiti zake.