Baba amezikwa: imani yake mtairithije?

Tanga likishaanuliwa na viti vya kukodi vikarudishwa, familia nyingi hapa Tororo, mashariki mwa Uganda, hukaa kikao cha mali: kiwanja, ng'ombe, baiskeli, madeni. Kikao hicho ni cha lazima. Ninachoomba ni kwamba kifuate cha pili, cha kuulizana Mzee aliishije na Mungu wake, na nani kati yenu ataendelea na lipi. Sisi tulikaa kikao hicho baada ya kumzika baba yetu, fundi wa reli na mlokole wa Kanisa la Uganda, yaani la Kianglikana. Ninaandika namna tulivyofanya ili wewe uliyefiwa upate pa kuanzia.

Anza na daftari la rambirambi. Biblia yake inaweza kungoja, daftari haliwezi. Lile daftari la shule ambalo kijana aliketi nalo langoni akiandika majina na michango hupotea upesi, au watoto hulichana. Lichukue siku ileile. Humo mna majina ya watu waliotoka mbali, na mara nyingi namba zao za simu. Mtu aliyepanda basi kutoka Gulu au Pakwach kuja kumzika mtu wa Tororo ana jambo moyoni. Wekea alama kila jina usilolijua, kisha panga kwa umri, wazee wa miaka mingi wakiwa wa kwanza, hata kama mheshimiwa fulani alitoa mchango mkubwa kuliko wao.

Nenda nyumbani kwa mzee baada ya chakula cha mchana, wakati jua limewapunguza watoto na kuku uani. Beba sukari na sabuni. Msalimie, kaa, ongea habari za mvua, ndipo uombe ruhusa ya kurekodi kwa simu. Usiulize kama Baba alikuwa mtu wa imani, maana utajibiwa ndiyo na mazungumzo yataishia hapo. Uliza kitu cha kushikika: sukari ilipokosekana alikunywa nini asubuhi? Alipokasirika alikwenda wapi? Nani alimdai, naye alilipaje?

Mzee mmoja aliyebadilisha mataruma pamoja na Baba alicheka sana niliposema habari ya sukari. Akasema, "Baba yako alikunywa uji wa mtama wenye ndimu, na akauombea kama karamu." Akanyamaza. Halafu akaendelea bila kuulizwa, na ndipo nilipojua jambo ambalo Baba hakuwahi kutuambia. Ilikuwa miaka ya magendo. Kahawa ilivuka usiku kwenda Kenya kwa njia za panya upande wa Malaba na Busia, na waliofanya biashara hiyo walitajirika huku jirani zao wakilala njaa. Usiku mmoja watu walimfuata Baba nyumbani, wakataka ufunguo wa ghala la vifaa ili wafiche magunia hadi alfajiri. Aliwaambia uji atawapa, ufunguo hapana. Haukupita muda akahamishiwa stesheni ya mbali kaskazini, akimwacha Mama na mimba na watoto wawili.

Nilipompelekea Mama habari hiyo, aliikubali, kisha akaongeza ya kwake. Wageni walipoondoka, Baba alitetemeka mikono hata akashindwa kufunga komeo. Mama ndiye aliyefunga. Wakapiga magoti pamoja hadi jogoo wa kwanza.

Andika yote mawili, la mzee na la Mama. Mjukuu akisikia la ufunguo peke yake atadhani babu yake alikuwa chuma, na siku woga utakapomshika yeye atadhani hana imani. Akisikia na la komeo, atajua kwamba mtu anaweza kutetemeka na bado akakataa. Vivyo hivyo usifiche makosa ya Mzee. Walokole wa uamsho ule uliotoka Gahini, Rwanda, katika miaka ya 1930 na kuenea Uganda, walikuwa na desturi ya kuweka mambo nuruni. Mama mmoja wa ushirika alinisimulia jinsi Baba alivyosimama kwenye ushirika wa Jumatano, mbele ya majirani, akamwomba Mama msamaha kwa kumfokea. Ikiwa yeye mwenyewe hakuona haya kulisema, sioni kwa nini sisi tulifute.

Miaka itakusumbua. Wazee wetu hawahesabu kwa kalenda, kwa hiyo uwe na karatasi ya matukio mkononi. "Wahindi walipofukuzwa" ni 1972. "Wakati wa mafuta mingi" ni miaka iliyofuata, waliopewa maduka ya Wahindi walipoibuka matajiri. "Walipomuua Askofu Mkuu" ni Februari 1977, Janani Luwum. "Wakombozi walipoingia" ni 1979, Amin alipopinduliwa. Kwa watu wa reli 1977 ni mwaka mzito zaidi ya yote: Luwum aliuawa, Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika na shirika la reli la pamoja likagawanyika, na mwezi wa Septemba serikali ya Amin ikapiga marufuku madhehebu mengi, yakiwemo ya Kipentekoste. Nilipoweka masimulizi juu ya mwaka huo nilielewa kwa nini sebule yetu ilijaa watu wasio wa kanisa letu. Kanisa la Uganda lilikuwa bado linaruhusiwa, Baba akawafungulia mlango ndugu waliofungiwa la kwao. Waliimba kwa sauti ya chini, kwa Kiswahili, kwa sababu katika nyumba za reli palikuwa na Mteso, Mjapadhola, Msamia na Mluo, na hiyo ndiyo lugha iliyowaketisha pamoja.

Sasa Biblia. Usiizike naye, na usiruhusu mtu yeyote aibebe kwenda Kampala kabla ya kupigwa picha. Ifungue karibu na dirisha asubuhi, piga ukurasa baada ya ukurasa wenye maandishi yake, bila mwanga wa simu. Penseli iliyofifia huonekana ukiiinamisha karatasi ili mwanga uipitie kwa ubavu. Kwa njia hiyo ndipo tulipoweza kusoma alichoandika kando ya Habakuki 3:17, pale nabii anaposema juu ya mtini usiochanua na zizi lisilo na kundi: "1977. Unga wa siku mbili. Asante." Usibandike selotepu kwenye kurasa zilizochanika, gundi yake hugeuka njano na kula karatasi. Usiifungie kwenye kavera (mfuko wa plastiki) pia, unyevu utabaki ndani. Ifunge kwa kitambaa safi cha pamba, uiweke kwenye sanduku la bati, mbali na ukuta na mchwa.

Ofisini kwa parokia omba kuona rejista ya ubatizo na ya ndoa. Hapo utapata tarehe, aliyembatiza, na wazazi wake wa ubatizo, ambao jamaa zao ni mashahidi wengine. Ukiwa hapo, uliza kama Mzee aliacha ahadi. Baba alikuwa ameahidi mabati kwa jengo la watoto wa Sunday School na hakumaliza. Ahadi ya namna hiyo hesabuni pamoja na madeni, mlipe kabla ya kujenga kaburi la vigae.

Baada ya hayo, itisheni kikao. Andikeni kwenye karatasi mambo aliyoyafanya, siyo sifa zake. Kwa mfano msiandike "mkarimu". Andikeni "kila mvua za Machi alilima kwanza shamba la mjane wa jirani, ndipo ng'ombe na plau virudi kwetu". Kila jambo lipate mtu, siku na gharama. Kaka mkubwa alichukua sala ya jioni nyumbani kwa Mama. Mdogo wetu wa Kampala alichukua mabati. Mimi nilichukua ushirika wa Jumatano. Ndugu yetu mmoja haendi kanisani, na kikao kilitaka kumruka. Mama alikataa. Ndugu huyo alichagua shamba la mjane, na hajakosa kulima. Ninawasihi msimwache nje mtoto wa namna hiyo, wala asilazimishwe kusema asichokiamini. Mpeni kazi ya mikono ya baba yake.

Aliyelemewa aseme mapema, jambo lihamie kwa mwingine. Na kama hakuna wa kulichukua, liandikwe kwamba limesimama.

Kuhusu ibada ya kumbukumbu, sisi tulichagua tarehe 16 Februari. Tangu 2015 ni sikukuu ya taifa ya Askofu Mkuu Luwum, kwa hiyo walio kazini wanapata nafasi ya kusafiri, na Baba alikuwa akifunga siku hiyo miaka mingi kabla haijawa sikukuu. Msikodi hema wala spika kubwa. Chemsheni chai, pikeni chakula cha kutosha, na alikeni kwanza wale mliowarekodi. Mtoto mmoja asome kisa kimoja tu, kisichozidi ukurasa, kisha mzee aliyekisimulia apewe nafasi ya kukisahihisha. Wa kwetu alimsimamisha mpwa wangu katikati: ufunguo ulikuwa wa maghala mawili, siyo moja. Tulirekebisha palepale kwa kalamu.

Nakala za sauti zigawiwe familia za wasimulizi pia, maana ni sauti za wazazi wao. Mpeni mmoja simu na jukumu la kuzituma, aandike jina la msimulizi, mahali na tarehe kwenye kila moja, na nakala moja ikae parokiani.