Kulenga kwa bunduki ya miguu miwili kwenye mchanga wa Lindi

Kabla ya yote: kibali mkononi, chemba (mahali risasi inapokaa) tupu, na nyuma ya shabaha pawe na tuta nene la udongo. Msimu wa korosho watu wako chini ya mikorosho wanaokota, na risasi haijui mpaka wa shamba.

Mchanga wa pwani humeza mguu mmoja wa bunduki zaidi kuliko mwingine, bunduki ikalala upande. Tandika gunia la korosho lililokunjwa mara nne. Saruji ni mbaya zaidi: miguu hurukaruka na risasi hupanda.

Lala nyuma ya bunduki, uti wa mgongo unyooke na mtutu. Ukilala mshazari, teke la bunduki litausukuma mtutu pembeni. Sogea mbele kidogo mpaka bega lisukume miguu ya bunduki, kwa nguvu ileile kila risasi. Hapa ndipo wengi huharibu: wakisukuma leo sana, kesho kidogo, matundu yanapangana wima kama ngazi.

Chini ya kitako weka soksi iliyojazwa mchanga mkavu, si pomoni. Ukiiminya, mtutu unashuka, ukiilegeza, unapanda.

Fumba macho, pumua mara mbili, fumbua. Alama ya darubini imehama kwenye shabaha? Sogeza nyonga, usiivute bunduki kwa mikono.

Toa pumzi nusu, kisha bonyeza kifyatulio polepole, moja kwa moja kuelekea nyuma. Kishikilie mpaka bunduki itulie. Piga risasi 5 kwa mita 100 ndipo urekebishe darubini. Tundu moja halisemi kitu.