Namna ya kutazama tamthilia za taharuki za nyeusi na nyeupe bila kuharibu kivuli chake

Tamthilia za taharuki zilizopigwa nyeusi na nyeupe miaka ya 1950 na 1960 husimama juu ya mambo mawili, giza na muda. Luninga ya leo ikiachwa ilivyotoka dukani huharibu yote mawili. Mtazamaji huona picha bapa, watu wanene na hadithi inayojikokota, akazima baada ya dakika kumi. Kosa si la tamthilia. Shika rimoti kwanza.

Anza na umbo la picha. Vipindi kama Alfred Hitchcock Presents, kilichoanza Marekani mwaka 1955, na The Twilight Zone cha mwaka 1959, vilitengenezwa kwa skrini ya uwiano wa 4:3 (upana kwa kimo), ilhali luninga ya sasa ni 16:9. Kwenye skrini ya pikseli 1920 kwa 1080, picha sahihi hukaa katikati kwa upana wa pikseli 1440 na kuacha pande mbili nyeusi, pikseli 240 kila upande. Ziache hivyo hivyo. Ukiivuta picha ijaze skrini, sura za watu hutanuka kwa theluthi; ukiikuza, unakata robo ya kimo chake, na humo ndimo mwongozaji alimoweka mkono unaonyemelea au taa ya dari inayotupa kivuli. Tafuta kitu cha duara kama saa ya ukutani. Kikiwa na umbo la yai, picha imevutwa. Vipaji vya nyuso vikikatwa kila mara, imekuzwa, na kama imekuzwa tangu kwenye nakala yenyewe hakuna kitufe kitakachokusaidia. Tafuta nakala nyingine.

Kisha mwendo. Filamu hizi zina fremu 24 kwa sekunde, lakini luninga nyingi hubuni fremu za ziada katikati ili mwendo uwe laini, na matokeo yake mauaji ya usiku wa manane hufanana na taarifa ya habari. Kipengele hicho kizime. LG hukiita TruMotion, Sony hukiita Motionflow. Ila usishangae ukikutana na sehemu 6 za msimu wa pili wa The Twilight Zone, The Lateness of the Hour ikiwamo, zenye mwendo laini hata baada ya kuzima. Hizo zilirekodiwa kwa mkanda wa video ili kupunguza gharama, na ndivyo zilivyo.

Giza ndilo linalotaka subira. Chagua hali ya picha iliyoandikwa Cinema au Movie, zima kiondoa chembechembe, zima kontrasti inayojibadilisha yenyewe, na ushushe ukali wa picha hadi karibu na chini kabisa. Chembechembe zile ni filamu yenyewe. Zikifutwa, ngozi za watu huwa kama nta. Sasa simamisha picha kwenye tukio la usiku lenye mtu aliyevaa suti nyeusi. Pandisha mwangaza mpaka zile pande nyeusi za skrini zianze kuwa za kijivu, halafu ushushe hatua moja moja. Ishia pale pande zinaporudi kuwa nyeusi huku mikunjo ya koti ikiendelea kuonekana. Ukizidisha kushusha, koti linageuka doa la wino na unapoteza kilichofichwa gizani.

Kijivu kikielekea ubuluu, wengi hukimbilia kupunguza rangi hadi sifuri. Haisaidii, kwa sababu ubuluu hautoki kwenye filamu, unatoka kwenye mizani ya weupe ya luninga. Badilisha joto la rangi liwe Warm. Chumbani, zima taa zote zinazoakisi kwenye kioo. Taa dhaifu nyuma ya luninga inatosha.

Sauti ilirekodiwa kwa njia moja tu (mono). Zima mfumo wa sauti za kuzunguka, maana huyapa mazungumzo mwangwi yasiokuwa nao. Jaribu kwa The Invaders ya mwaka 1961, sehemu ya The Twilight Zone, ambamo Agnes Moorehead hatamki neno hata moja. Kama husikii pumzi na nyayo zake vizuri, ongeza sauti.

Kwa kuanzia, chagua sehemu za nusu saa, ambazo bila matangazo huwa kama dakika 25. Msimu wa nne wa The Twilight Zone, wa saa nzima, uache kwanza, kwani hadithi nyingi zimevutwa kupita uzito wake. Breakdown ya mwaka 1955, sehemu ya Alfred Hitchcock Presents iliyoongozwa na Hitchcock mwenyewe, inaonyesha sanaa hii ikiwa tupu kabisa. Joseph Cotten amepooza baada ya ajali ya gari na kila anayemkuta anamdhania maiti. Uso wake haucheki, haupepesi; tunasikia mawazo yake tu, na vivuli vinafanya kazi yote iliyobaki. Baada yake tazama Eye of the Beholder ya The Twilight Zone, ya mwaka 1960. Mpiga picha wake, George T. Clemens, alipanga taa na kamera ili nyuso za madaktari na wauguzi zisionekane, na mwangaza uliozidi hulegeza vivuli hivyo. Ni kipimo kizuri cha kazi uliyofanya juu.

Usisome muhtasari popote, na usiruke maneno ya mtambulishaji wa kipindi. Sehemu mbili kwa kikao zatosha. Ukitazama tano mfululizo, akili huanza kuotea mwisho. Skrini inapofifia na kuwa nyeusi katikati ya hadithi, hapo palikuwa pa matangazo, na mwandishi alipaacha pakining'inia makusudi. Simamisha kidogo, ujiulize ni nini unachokijua wewe ambacho mhusika hakijui. Taharuki inakaa hapo. Katika Lamb to the Slaughter ya Alfred Hitchcock Presents, ya mwaka 1958, kifo hutokea mapema na silaha unaiona kwa macho yako. Polisi wanapopekua nyumba, wewe na mke wa marehemu peke yenu ndio mnaojua ilipo. Siku ya kuirudia, waache polisi waongee, mtazame Barbara Bel Geddes, anayeigiza mke huyo, anapowasikiliza.