Kabla hujaenda kuonana na mtu wa lishe, andaa haya

Mara ya kwanza namsindikiza mama kliniki ya kisukari, dada wa lishe akamuuliza unakula nini, mama akajibu "kawaida tu mwanangu", basi ikaishia hapo. Tukapewa karatasi ina mafuta ya zeituni na mkate wa brauni, vitu ambavyo nyumbani kwetu hata havinunuliwi. Nikagundua yule dada hana kosa, sisi ndo tulienda mikono mitupu.

Kwahiyo siku 3 kabla chukua daftari uandike kila kinachoingia mdomoni, hadi lile andazi la saa nne na soda ya msibani. Usiandike "ugali kidogo" maana kidogo ya mama yangu mi naijua, piga picha sahani kwa simu. Sema ni dona au sembe, wali una nazi au hauna, chai inatiwa vijiko vingapi. Na usidanganye aisee, wengi tukifika pale tunakuwa watakatifu, wakati kuna kipimo kinaitwa HbA1c kinaonyesha wastani wa sukari ya miezi kama 2 hadi 3 nyuma, sasa mchicha wa juzi na jana utakusaidia nini.

Beba dawa zote na maboksi yake, na mitishamba pia, mlonge, mdalasini, usione aibu. Chakula na dawa vinagombana kuliko watu wanavyodhani. Vidonge vya madini ya chuma ukishushia na chai mwili unafyonza kidogo sana. Anayetumia warfarin, dawa ya kuzuia damu isigande, asianze kula kisamvu kwa fujo wala asiache ghafla, majani yana vitamini K inayopunguza nguvu ya dawa, kwahiyo ale kiasi kilekile siku zote. Mgonjwa wa figo nae anaweza kuambiwa apunguze ndizi na parachichi kwasababu ya potasiamu, yani vilevile jirani yake mwenye presha anavyosifia. Ndo maana usibebe ushauri wa mtu mwingine.

Uliza mapema kama utapimwa ukiwa hujala, mara nyingi ni masaa 8 na maji unaruhusiwa. Kama unachoma insulini au unameza dawa za sukari, uliza kabisa asubuhi hiyo unatumia saa ngapi, maana kuchoma halafu ukakaa foleni mpaka saa saba tumbo tupu ni hatari, sukari ikishuka chini ya 4 (kwa mashine inayosoma mmol/L) mtu anatetemeka, jasho linamtoka. Weka chakula kwenye mkoba na kitu kitamu cha dharura.

Kama utafunga Ramadhani nenda kaulize mwezi mmoja au miwili kabla, sio siku mwezi umeandama.

Alafu nenda na anayepika. Safari ya pili tulienda na wifi, yeye ndo mwenye mwiko, na ndo alieshtuka kusikia chumvi ya siku nzima isizidi kijiko kimoja cha chai, na vile vidonge vya mchuzi anavyotia viwili viwili navyo vinahesabiwa, vimejaa chumvi. Tukaambiwa samaki, wifi akasema hela ya samaki kila siku hatuna. Dagaa je na maharage? Vinafaa, ila dagaa wa chumvi awaloweke kwanza amwage maji.